Kokwa ya shokishoki kwenye gari la Nungwi

Naandika hichi kisa mana kila nikikihadithia kwa mdomo watu wanakipenda kwa sababu ambayo mie naona siyo, wanasema "mashallah, watu bado wana huruma" halafu wanaendelea na chai yao. Huruma ilikuwepo, tena tele, gari zima lilijaa huruma, na mtoto alikuwa anakufa ndani ya hio hio huruma. Kwa hio nataka nikichambue vizuri nani alifanya nini, na kabla sijafika mbali niseme kabisa: shokishoki, lile tunda la ganda jekundu lenye manyoya lililomkaba huyo mtoto, nilimpa mie.

Ilikuwa baada ya alasiri, gari la 116, la kutoka Darajani mjini Unguja kwenda Nungwi, moja katika yale ya kizamani ya mabenchi, mnakaa mnatazamana magoti yanagusana, upepo unapita ubavuni. Msimu wa shokishoki umechanganya, ukishatoka mjini njia nzima vijana wamesimama na vicha mkononi. Kabla hatujafika Mahonda gari likasimama kushusha mtu, kijana akapenyeza mkono, nikanunua vicha viwili. Mbele yangu alikaa mama mmoja kijana, mtoto wa kiume mapajani umri kama miaka miwili na nusu hivi, na pembeni yake binti wa miaka saba yumo ndani ya sare ya skuli. Yule mdogo akawa anazitazama zile shokishoki vile watoto wanavotazama, hapepesi jicho. Na kwetu mtu huwezi kumenya kitu mbele ya mtoto wa watu ukala peke yako, hata kama hakuna anaekwambia neno unaona aibu tu mwenyewe. Nikamenya moja, nikatoa ganda, nikampa nzima na kokwa yake. Mama akasema "ahsante kaka", akamwambia mtoto "sema ahsante kwa ami", mtoto hakusema kitu mana ilikuwa ishaingia mdomoni.

Sasa mwenye kuijua shokishoki yetu anajua, nyama haitoki kwenye kokwa kirahisi, mtu mzima unaifyonza na kuisukuma kwa ulimi mpaka basi. Inateleza, ina umbo la yai, haina pa kushika. Na njia ya pumzi ya mtoto wa umri ule upana wake ni kama wa kidole chake cha mwisho, chukua mtoto wa nyumbani kwako umtazame hicho kidole ndio utanielewa. Mie nina watoto wa dada yangu nimewalea, nimewamenyea machungwa, nimewatolea mifupa kwenye samaki, na bado siku ile haikunijia kabisa akilini.

Tumepita Mahonda, gari likaruka tuta bila ya dereva kupunguza, sote tukanyanyuka kwenye benchi tukarudi. Mtoto hakukohoa. Hapa ndipo penyewe. Mana Kiswahili chetu kinatenganisha, kuna kupaliwa na kuna kukabwa, ila kwenye mazungumzo tunavichanganya kama kitu kimoja. Mtu aliepaliwa anakohoa, macho mekundu, machozi yanamtoka, watu wanamcheka "kuna mtu anakutaja huyo", na huyo kwa kweli mwache akohoe mana pumzi inapita na kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Aliekabwa hana sauti. Hakohoi, halii, mdomo uko wazi na hakuna kinachoingia wala kinachotoka, mikono inatapatapa. Kwa sababu hana sauti watu wanachelewa kujua, na kwenye lile gari lenye mngurumo na redio nadhani tulichelewa kidogo, sijui kiasi gani. Alieona mwanzo ni yule binti wa skuli, alimvuta mama yake baibui akasema "mama, mtazame".

Mama akapiga ukelele. Na hapo gari zima likageuka la wema.

Nitawataja kama nilivowaona, si kwa kuwalaumu mana mie ndie wa mwisho kumlaumu mtu. Bibi mmoja alieketi karibu na mlango akafungua chupa ya maji akataka kumnywesha. Mtu mwengine, mwanamme mzima, akamtia kidole mdomoni akawa anachokoachokoa. Mama mwengine akampiga kofi dogo dogo za utosini na kumpulizia usoni. Mzee wa kofia akaanza kusoma, sauti yake nzuri mpaka leo naisikia. Konda akawa anampigia dereva bati kwa nguvu "mtoto anakufa, kanyaga, kanyaga!" na dereva akakanyaga kweli. Mie nilikuwa nimekaa na ganda la shokishoki mkononi. Nimekaa tu.

Kila mmoja pale alikuwa na nia safi, na karibu kila kilichofanywa kilikuwa ama hakisaidii ama kinamuharibia. Maji kwa mtu aliezibwa njia ya pumzi hayana pa kupita, yanaongeza mzigo tu. Kidole bila ya kuona kitu kilipo kinaisukuma kokwa ndani zaidi, kama kitu unakiona pale mbele na unaweza kukinasa sawa kitoe, ila kuchokoa gizani usifanye. Utosi hauna njia ya kwenda kooni. Na kukanyaga mafuta ndio kosa nililolifikiria zaidi, mana lilikuwa la busara sana kwa kulitazama, mtoto mgonjwa apelekwe spitali, nani atakataa? Lakini spitali tuliyokuwa tunaikimbilia ni Kivunge, na kutoka pale tulipo hata dereva awe na mbawa ni zaidi ya dakika kumi, wakati ubongo ukikosa hewa kabisa unaanza kuharibika ndani ya dakika nne hivi mpaka sita. Hesabu haikubali. Na gari likiwa linakimbia na kuruka matuta hakuna mtu anaeweza kumshika mtoto sawasawa. Yani tulikuwa tunakimbilia msaada na huku tunauzuia msaada uliomo humo humo ndani.

Kisha ikatoka sauti nyuma, kwenye kona ya benchi letu. Dada mmoja, sikuwa nimemtazama hata mara moja tokea Darajani, baibui juu na kwa chini inachungulia sare ya hoteli, amebeba mfuko wa unga. Akasema "SIMAMISHA GARI". Konda akajaribu kubisha, akarudia, mara hii hakupiga kelele, alisema pole pole kwa jicho kali kama mtu anaemkanya mwanawe, "Kaka. Simamisha gari." Gari likasimama pembeni.

Halafu akafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichomuokoa mtoto kabla hata hajamgusa. Akatugawa. Alikuwa anaelekeza kidole mtu mmoja mmoja: "Wewe babu endelea kusoma. Wewe mama weka maji, mshike mama yake mikono. Kaka mwenye barafu, mchukue huyu binti mshushe chini asione. Nyie wengine tokeni mnipe nafasi." Watu ambao sekunde kumi nyuma walikuwa wanagombania mtoto mmoja kila mtu akapata kazi yake akaishika. Yule kijana mwenye boksi la barafu akaliacha boksi, akamshika binti mkono wakashuka.

Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya paja lake, kichwa kiko chini kuliko kifua, mkono mmoja umeshika taya, na kwa kitako cha kiganja akampiga baina ya mabega. Si kile kipigo cha kubembelezea mtoto acheue, kipigo cha kweli, mama yake akapiga kelele "utamvunja!" Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka tano. Hakuna kitu. Akamgeuza, akamuegemeza mgongo kifuani kwake, akakunja ngumi akaiweka juu kidogo ya kitovu, chini ya pale mbavu zinapokutana, mkono wa pili juu ya ngumi, akavuta kwa ndani na kwenda juu. Mara tano. Hakuna kitu. Midomo ya mtoto ilikuwa imeshakuwa rangi ya zambarau na ile mikono iliyokuwa inatapatapa imeanza kulegea, nikamsikia yule dada anasema "Yarabi" kwa chini chini, mara moja tu, na nikajua na yeye anaogopa. Akamrudisha kifudifudi. Kipigo cha mwanzo. Cha pili, na kokwa ikatoka ikanipiga mie kwenye goti.

Wallahi goti langu. Katika watu wote.

Mtoto akavuta pumzi kwa mlio kama wa mlango mbovu, kisha akalia, na sijawahi kusikia kilio kikapokelewa vile, watu wazima wanalia, konda kakaa chini kwenye ngazi kashika kichwa, mzee wa kofia kafika mahala pa kusoma akasita akasema "Alhamdulillah" akashindwa kuendelea.

Nifungue mabano kidogo hapa. Kuna utafiti maarufu wa Marekani wa mwaka 1968, wa Darley na Latané, waliwaweka wanafunzi vyumbani kila mtu peke yake wakawa wanazungumza kwa maikrofoni na vifaa vya masikioni, kisha ikasikika sauti ya mtu kama amepatwa na kifafa. Aliejiona yuko peke yake na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kwenda kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Alieambiwa kuna wengine wanne wanasikia pia, ilishuka mpaka asilimia 31. Toka hapo tunasomeshwa kwamba watu wakiwa wengi kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mie sibishani na wataalamu ila gari letu halikuwa hivo, sisi hakuna aliesubiri (ukinitoa mie). Wale wa vyumbani hawaonani, sisi magoti yanagusana, mtoto analetwa mpaka puani kwako, utajificha wapi? Tatizo letu lilikuwa kinyume chake, sote tuliingia mara moja, mikono kumi kwenye mdomo mmoja. Lakini nikifikiria naona dawa ya matatizo mawili haya ni ile ile, mtu mmoja kuelekeza kidole na kusema WEWE. Ukisema "nisaidieni" unawaambia wote, na wote ni hakuna mtu, au wote ni fujo. Ukisema "wewe kaka mwenye barafu" basi kaka mwenye barafu hana pa kutokea.

Na kingine, hizi kazi alizozigawa ukizitazama nyingi si za udaktari. Kumshika mama mikono si udaktari, lakini bila ya hivo mama angemnyakua mwanawe katikati ya vipigo, na nani angemlaumu. Kumuondosha binti wa miaka saba asimuone mdogo wake anageuka rangi ni kazi kubwa tu. Hata babu kuambiwa aendelee kusoma, mwanzo nilidhani dada kamuheshimu tu, baadae nikaona kile kisomo ndicho kilichotunyamazisha sote, ukimsikia mtu anasoma huwezi ukapiga kelele juu yake.

Tulipotulia kidogo watu wakataka safari iendelee, mtoto si analia, si mzima? Dada akakataa. Akasema lazima aonwe na daktari, mana ile kuvuta tumbo kwa nguvu inaweza ikaumiza vitu vya ndani usivione, na pia kipande kinaweza kubakia chini kikaja kuleta kikohozi na homa siku za mbele. Kuna abiria mmoja aliguna kuhusu saa, jina lake silijui na hata ningelijua nisingelitaja, ila alinyamaza mwenyewe pale dereva aliposema "gari hili linakwenda Kivunge, asietaka ashuke". Hakuna alieshuka. Dereva aliekuwa anakimbia kama kichaa kabla, sasa anakwenda mwendo wa bi harusi, kila tuta analibembeleza.

Njiani nikamuuliza dada yeye ni nesi? Akacheka. "Mie kazi yangu kukunja mashuka." Akanambia hoteli anayofanyia waliitwa siku moja semina ya huduma ya kwanza, wafanyakazi wote, jikoni, bustani, vyumba, na wao walikwenda kwa ajili ya sambusa na soda, nusu yao walisinzia mpaka pale mwalimu alipotoa mwanasesere wa plastiki wakaanza kucheka na kutaniana nani atambusu. "Ila nilijaribu," akasema, "mara mbili nilijaribu, mana mwalimu alinitoa mbele kwa kunionea." Na akasisitiza kitu ambacho aliambiwa pale na mie naona nikiweke hapa mana watu wengi hawakijui, mtoto ambae hajatimiza mwaka asivutwe tumbo kabisa, huyo ni vipigo vitano vya mgongo, kisha unamgeuza chali kichwa chini na kumbonyeza kifuani mara tano, unarudia. Na akizimia, mkubwa au mdogo, unamlaza chini unaanza kumpa pumzi na kumbonyeza kifua huku mtu mwengine anatafuta msaada.

Hio ya kuvuta tumbo ina jina la daktari wa Kimarekani, Heimlich, alieieleza mwaka 1974. Nilikuja kusoma baadae kwamba mwaka 2016 akiwa mzee wa miaka 96 kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja wa meza yake akakabwa na kipande cha nyama, na yeye mwenyewe akainuka akamvuta tumbo kikatoka. Akafariki mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Nilipomwambia mke wangu akasema "kumbe hata mwenye dawa alisubiri mpaka uzeeni kuitumia", sijui ni sawa au la, ila ilinichekesha.

Spitali wakampokea mtoto haraka, wakamtazama kifua, tumbo, wakasema akae kidogo wamuangalie. Mama akaingia nae ndani, sisi tukabaki nje chini ya muembe, gari zima, magunia juu, barafu inayeyuka boksini na maji yanachuruzika mpaka barabarani na mwenyewe wala hashughuliki, kamuweka binti kwenye benchi anamfundisha kupiga miluzi. Bibi wa chupa ya maji akapitisha kanga, kila mtu akatia alichonacho kwa ajili ya dawa na nauli ya kurudi. Konda nae akatia, kisha akazunguka akadai nauli zetu zote kama kawaida, hakumsamehe mtu hata mmoja, na sote tukalipa bila neno.

Mie nilikuwa nina lile jambo kifuani. Hakuna alieuliza shokishoki imetoka wapi. Nadhani waliona vicha mapajani mwangu wakajua, na wakaamua kutokujua, na huo pia ni wema wa aina yake lakini ulikuwa unanichoma kuliko ningetukanwa. Mama alipotoka na mtoto kalala begani nikamfata kabla sijapoteza ushujaa. Nikamwambia "dada yangu, mie ndie nilompa, ningemtolea kokwa yasingetokea haya, nisamehe."

Akanitazama muda. Alikuwa amechoka hata kitambaa cha kichwa kimemtoka hana habari nacho. Akasema "Najua ni wewe kaka, si nilikuona? Na ahsante nilikwambia." Akapita akenda garini. Nimelipindua lile neno mara nyingi sana. Kuna siku naliona kama msamaha, kuna siku naona anasema na yeye alikuwemo, kwamba alikiona kikiingia mdomoni na akasema ahsante, na alikuwa anajiambia mwenyewe zaidi kuliko mie. Sikumuuliza na sina pa kumpata, walishuka Mkwajuni, mtoto hata kuamka hakuamka.

Pale muembeni, kabla hatujapanda, nilikwenda kuvitupa vile vicha viwili kwenye pipa. Yule dada wa mashuka akanishika mkono. "Unatupa nini? Lete." Akakaa kwenye benchi karibu na yule binti wa skuli, akamenya moja, akaipasua kwa ukucha kwa urefu, akaitoa kokwa akaiweka kwenye ganda, na nyama akaikata vipande vipande kwenye kiganja chake. Binti akala. Akamenya nyengine. Baada ya hio ya pili akanisukumia kicha kimoja bila ya kunitazama, nikakaa chini nikaanza kumenya na mie.